Kengele ya Rimu

Mji wetu wa Amu hauna barabara ya lori,
lakini kengele ya shule ilikuwa rimu ya lori,
ilivushwa kutoka Mokowe, ikatundikwa nje ya ofisi,
na zamu ilipofika mtu aliigonga kwa nondo
mpaka punda wa Langoni wakainua vichwa.

Famau aliziba masikio kabla.
Kabla, nasema. Ilinichukua muhula mzima
kuliona hilo neno dogo.
Mimi niliona mtoto chini ya dawati, nikaandika:
"Husumbua wenzake." Mwandiko ni wangu,
bado umo kwenye faili, sijaufuta.

Mamake alikuja na buibui lina vumbi la chokaa,
akasimama, kiti hakukitaka.
"Mwanangu hana kiburi, mwalimu.
Ana mashikio yaso mwango."

Nililala na maneno hayo.
Katika mji ambamo mbao huchongwa miezi sita
ili nyumba ipate kusema "subiri" kwa adabu,
mtoto huyu kila kelele humwingia bila hodi.

Kesho yake sikufundisha. Nilimtazama.
Kivuli cha paa kilishuka ukutani
kikagusa ufa wa tatu, na mikono yake ikapanda.
Rimu ikalia.
Alikuwa anasoma saa. Hakuna aliyemfundisha.

Mwalimu mkuu akasema: shule bila kengele ni soko.
Nikaomba wiki mbili.
Tukapiga mistari ya chokaa ukutani, mmoja kwa kila kipindi,
na siku za mawingu, leso nyekundu dirishani.

Ubao wangu wa kwanza wa ratiba ulikuwa na picha,
nimezikata kwenye kalenda, nikazitia plastiki.
Famau alizigeuza zote zikatazama ukuta.
Nikakasirika, siku mbili nzima,
hadi nilipokaa kwenye kiti chake
na plastiki ikanitupia jua machoni.

Basi nikaenda kwa Shekuwe, fundi wa milango.
Akanipa vipande vya mvule vilivyobaki,
akachonga: mistari kwa kusoma, vitone kwa hesabu,
kikombe kwa uji, na kwa kwenda nyumbani
lile ua lililo juu ya mlango wa kina Famau,
maana alikuwa amelichonga yeye.
Kipindi kikiisha, kipande hutumbukizwa kapuni.
Ule mlio mdogo, *tok*, aliuvumilia. Baadaye aliupenda.

Kipande kimoja tulikiacha kitupu
kwa siku ambazo hatuwezi kuahidi kitu.

Siku hiyo ilikuja na mkaguzi wa kaunti.
Nilikiweka kitupu mahali pa hesabu.
Famau akakinusa, akakipapasa pande zote.
Akalia. Lakini alilia akiwa amekaa.
Mkaguzi akauliza: "Hivi vibao vimo kwenye silabasi?"
Nikamwambia mtoto yumo kwenye rejista.

Ningeishia hapo, ningesifiwa.
Muhula wa tatu akaletwa Batuli, kutoka Matondoni.
Vipande vyangu alivirusha nje, kimoja kimoja,
ua la Shekuwe likaangukia mfereji.
Mistari ya chokaa hakuitazama hata mara moja.
Siku tatu tulikuwa tukimtafuta baada ya uji,
na siku tatu tulimkuta stoo, gizani,
shavu lake juu ya rimu iliyolazwa chini,
akiigonga kwa kifundo cha kidole, polepole,
akicheka kila mtetemo unapompita mfupani.

Rimu ile ile.

Sasa nagawa sauti kama maji ya jabia wakati wa kiangazi:
dakika kumi za Batuli,
Famau akiwa upande wa pili, kwenye bustani ya sukuma,
na bado ukuta ni mwembamba, na bado mikono yake hupanda.

Kesho narudi kwa Shekuwe.
Nataka mlango ambao upande mmoja unalia
na upande wa pili umenyamaza.
Atanicheka.
Kisha ataniuliza vipimo.